Je, Wajua? Waya Uliokunjwa Hujiunguza

Waya wa ekstensheni ulioachwa umeviringwa huku ukiwasha birika la umeme la wati 2,000 waweza kujiyeyusha. Joto hunasa katikati ya mizunguko. Fyuzi ya ampea 13 ndani ya plagi haishtuki hata kidogo!

Baridi kali nayo hukakamaza ganda la PVC. Ukilikunja kwa nguvu, hupasuka. La mpira huendelea kupindika.

Kampala, takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, haina shida hiyo. Barafu ya Uganda iko Rwenzori, ambako kilele cha Margherita hufika mita 5,109. Mkazi wa Kampala aogope joto: aukunjue waya wote kabla ya kuuchomeka, na auhifadhi kwa mizunguko mipana, mbali na jua.