BRASHI YA BEI NDOGO KATIKA KADI YA IDI: USAFI WA MACHO NA USAFI WA SHERIA

Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kupeana zawadi kwa sababu zawadi huzidisha mapenzi baina ya watu. Kadi ya Idi aliyoitengeneza mtoto kwa mkono wake, akampelekea bibi yake, jirani au mwalimu wake, ni zawadi ndogo yenye mapenzi makubwa. Wapo wanaoacha kuitengeneza kwa kudhani kuwa kazi nzuri ya rangi inahitaji brashi za bei kubwa. Sivyo. Brashi ya bei ndogo inatosha kabisa, ila mwenye kuinunua ni lazima ajue imetengenezwa kwa kitu gani. Makala haya yataeleza mambo hayo mawili, In sha Allah.

KUPAMBA KWA WINO SI JAMBO GENI KWETU

Watu wa pwani yetu wana historia ndefu ya wino. Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate karibu na Lamu, waandishi wa karne ya 18 na ya 19 walinakili Misahafu kwa mkono na kuipamba kwa wino mweusi na mwekundu. Baadhi ya Misahafu hiyo imehifadhiwa hadi leo. Kwa hiyo mwanafunzi anayekaa na karatasi na wino wake asidhani kwamba anaiga jambo la kigeni.

VIFAA VINAVYOHITAJIKA

1. Karatasi ya manila nyeupe, isiyong'aa. Karatasi inayong'aa hainywi wino, kwa hiyo wino hubaki juu na kuchafuka ukiguswa.

2. Wino wa mihuri ya mpira, mwekundu na wa bluu, unaouzwa katika maduka ya vifaa vya shule na ofisi. Manjano huwa haipatikani kwa urahisi katika wino wa mihuri. Chukua kipande cha sponji, kiweke ndani ya kifuniko cha chupa, ukiloweshe kidogo kwa rangi ya chakula ya manjano iliyokorogwa na maji machache.

3. Brashi laini ya mviringo, ile ya kupakia poda usoni, yenye nywele nyingi zilizoshikana. Hii ndiyo inayochanganya wino vizuri kuliko brashi ya kupakia rangi ya ukuta, ambayo ni ngumu na huacha mistari.

4. Mswaki wa zamani uliooshwa, rangi nyeupe ya maji, na karatasi chakavu za kutandika chini.

NAMNA YA KUFANYA

Tuseme unataka kadi yenye anga ya magharibi na mwezi mwandamo mweupe.

Kwanza, kata umbo la mwezi katika karatasi nyingine, ulibandike juu ya kadi kwa selotepu iliyokunjwa. Igusishe selotepu hiyo kwenye nguo mara mbili tatu kabla ya kubandika, ili isije ikachuna kadi.

Pili, gusa wino kwa ncha ya brashi, kisha uizungushe brashi juu ya karatasi chakavu kupunguza wino. Usianze katikati ya kadi hata kidogo. Brashi inapogusa karatasi mara ya kwanza huacha wino mwingi, na hapo huingia doa lisilotoka. Anzia nje, juu ya karatasi chakavu, uingie kadini polepole kwa mizunguko midogo na mkono mwepesi.

Tatu, anza na rangi nyepesi: manjano chini, halafu nyekundu katikati, halafu bluu juu. Nyekundu ikipakwa kidogo huwa waridi. Inapokutana na manjano hutoka rangi ya machungwa, na inapokutana na bluu hutoka zambarau. Hivyo wino wa rangi tatu hukupa rangi tano. Usiiache bluu ikutane na manjano, maana anga yako itakuwa kijani. Na zambarau ikiingia katika manjano hugeuka rangi ya tope. Ikiwa una brashi moja tu, ifute kwa kitambaa chenye unyevu kila unapobadilisha rangi.

Nne, acha ikauke. Chovya mswaki katika rangi nyeupe, uvute nywele zake kwa kidole ili matone madogo yarukie juu ya kadi. Hizo ndizo nyota. Zikikauka, bandua umbo la mwezi.

Ukimaliza, osha brashi kwa sabuni, uikamue, uilaze ikauke. Ukiisimamisha huku nywele zikiwa juu, maji hushuka na kulegeza gundi, na nywele huanza kung'oka.

NYWELE ZA BRASHI NA HUKUMU YAKE

Hapa ndipo penye jambo kubwa. Brashi nyingi za rangi za madukani hutengenezwa kwa nywele za nguruwe, na nyingi ya nywele hizo hutoka China. Hata miswaki ya dukani ilikuwa hivyo, mpaka mwaka 1938 ulipouzwa Marekani mswaki wa kwanza wa nailoni. Mwezi Februari 2017 maofisa wa serikali ya Malaysia waliingia madukani na kukamata brashi zilizoshukiwa kuwa na nywele hizo bila ya kuwekewa alama, kwani sheria yao inataka bidhaa ya nguruwe itambulishwe kwa mnunuzi.

Waliosoma Safinatun-Najaa wanakumbuka kuwa najisi ni mafungu matatu: nzito, khafifu na ya kati. Katika madh-hebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, nguruwe ni najisi nzito pamoja na nywele zake. Ikigusana na kitu hali ya kuwa kimojawapo kina majimaji, kitu hicho huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wino ni majimaji. Basi brashi ya namna hiyo hunajisi sponji, wino, kadi, vidole na nguo. Na yenyewe haitwahariki hata ukiiosha mara sabini, kwa kuwa najisi ndiyo dhati yake.

Ni kweli kwamba maulamaa wamekhitalifiana. Katika madh-hebu ya Imam Malik nywele hizo ni twahara, na katika madh-hebu ya Imam Abu Hanifa washona viatu waliruhusiwa kuzitumia kwa dharura ya kazi yao. Lakini sisi katika kadi tuna dharura gani, ilhali brashi ya nailoni ipo, ni laini zaidi, na mara nyingi ni rahisi zaidi?

NAMNA YA KUITAMBUA

Soma mpini. Ikiwa pameandikwa "bristle" au "pure bristle" katika brashi ya rangi, iache. Ikiwa pameandikwa "nylon" au "synthetic", hizo ni nywele za kiwandani, hazina tatizo. Ikiwa hapakuandikwa kitu, mzazi achomoe nywele mbili tatu kutoka sehemu mbalimbali, maana nyingine huchanganywa, azichome kwa kiberiti. Nywele ya mnyama hunuka kama kucha inayoungua na huacha majivu yanayovunjika. Nailoni huyeyuka na kuwa kidonge kigumu. Kipimo hiki hakisemi ni mnyama gani, lakini kinatosha kukuonya uchague nyingine.

NENO LA MWISHO

Juu ya kadi andika "Idi Mubarak" na jina la unayempa. Tusiandike aya wala jina la Allah (S.W.) katika kitu ambacho baada ya wiki kinaweza kuonekana jalalani. Na ukipokea kadi yenye maandishi hayo, ihifadhi, au uichome kwa heshima.

Tunamuomba Allah (S.W.) atutakabalie funga zetu, aitwaharishe mikono yetu na nyoyo zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.