Mume Kaacha Nyama, Nani Analoweka Maharage?

Mwenzangu, hebu vuta picha. Mmeoana miaka kumi, wote mnafanya kazi, mna watoto wawili, foleni asubuhi, foleni jioni. Halafu siku moja baba watoto anatangaza mezani kwamba kuanzia kesho hali nyama, hali samaki, hali mayai, hanywi maziwa, na hata asali hataki. Wewe ungefanyaje?

Mimi nilimuuliza swali moja tu: "Sawa mume wangu, na nani atapika?"

Sikuuliza kwa shari. Sababu zake nilizielewa. Kwao shinikizo la damu limewasumbua wazee wengi, na daktari alishamwambia apunguze chumvi, mafuta na nyama nyekundu. Daktari alisema apunguze, yeye akaamua kuacha moja kwa moja, na vya jirani akaviunganisha humo humo. Wanaume bwana! Ofisini wenzangu wakaniambia huo ni upepo tu, utapita. Haukupita. Huu ni mwaka wa tatu.

Ulaji huu una jina lake, uvegani. Neno lenyewe lilitungwa Uingereza mwaka 1944, pale Donald Watson na wenzake walipoanzisha chama cha watu wasiokula kitu chochote kitokanacho na mnyama. Usichanganye na wale wanaoacha nyama lakini maziwa na samli wanatumia, kama familia nyingi za Kihindi pale Upanga na Kisutu. Vegani hagusi hata samli.

Ukilisikia jina unadhani ni mambo ya wazungu na vyakula vya makopo. Lakini fungua sufuria zetu wenyewe uone. Maharage ya nazi, mbaazi za nazi na maandazi, kisamvu cha karanga, makande, matembele, bamia, mlenda, magimbi, mihogo, ndizi za kuchoma, vitumbua. Chapati za kawaida ni unga, maji, chumvi na mafuta. Kuna mnyama gani humo? Nusu ya vyakula tulivyokulia ni vya kivegani, ila hatukuwahi kuviita hivyo. Tuliviita "leo hakuna mboga". Kazi kubwa ilikuwa kuondoa hilo wazo kwamba maharage ni chakula cha siku ambayo mambo hayajakaa sawa.

Sufuria moja, si mbili

Tatizo la nyumba yenye watu wa kazi si mapishi, ni saa. Natoka Posta saa kumi na moja, nikibahatika nafika Tabata saa moja kasoro. Watoto wana njaa, mdogo ana miaka minne na akishasinzia humlishi tena. Hapo ukianza kupika ugali na samaki kwa ajili yenu, na kingine cha kwake peke yake, utalala saa sita. Na ukilala saa sita kila siku kwa sababu ya uamuzi wa mwenzio, mapenzi yanaanza kupungua taratibu bila hata ugomvi. Nimewaona wenzangu, kisa si mwanamke wa nje, kisa ni uchovu.

Kwa hiyo tulikaa chini wiki ile ile ya kwanza tukakubaliana. Nyumba inapika sufuria moja, na hiyo sufuria haina kitu cha mnyama. Anayetaka nyongeza, yai la kuchemsha, kipande cha samaki, anaiweka pembeni kwenye sahani yake. Mimi kuku sijaacha na sina mpango huo. Watoto nao wanakunywa maziwa yao na kula mayai, wakikua wataamua wenyewe.

Halafu lile la pili, ambalo yeye alidhani natania: kuloweka ni kazi yake. Aliyeleta maharage kila siku ndiye anayeyachagua, anayeyaosha na anayeyaloweka usiku kabla ya kulala. Asipoloweka, kesho anakula ugali na kachumbari, na mimi silalamiki. Alikula ugali na kachumbari mara mbili tu. Sasa hivi hata akirudi amechoka vipi, utamsikia saa nne usiku bakuli linagonga kwenye sinki. Huo mlio naupenda kuliko maua!

Jumapili ya wiki nzima

Siri ya wiki iko Jumapili mchana. Watoto wakilala sisi tunaingia jikoni wote wawili, redio inaimba, kazi inakwenda. Yeye anachemsha maharage au mbaazi kilo mbili kwenye sufuria la presha. Maharage makavu kilo moja yakiiva yanakupa zaidi ya kilo mbili, kwa hiyo hapo una milo ya kutosha. Yakipoa tunayagawa kwenye mifuko kwa kipimo cha mlo mmoja, tunaandika jina na tarehe, tunapanga kwenye friza. Mimi natengeneza rosti: vitunguu vingi, nyanya, karoti, hoho, kitunguu saumu na tangawizi, naikaanga mpaka mafuta yajitenge, nayo naigawa hivyo hivyo. Jioni ya kazi unachukua mfuko wa maharage na mfuko wa rosti, dakika ishirini mboga iko mezani. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, basi siku hiyo tunapika vyote na jirani anafaidi.

Tahadhari moja. Maharage mekundu yasiyoiva yana sumu yake inayoharibu tumbo. Mwaga maji uliyolowekea, weka mapya, na yachemke kwa nguvu walau dakika kumi kabla hujapunguza moto. Kisamvu nacho vivyo hivyo, kikitwangwa bado kibichi kina sumu, kichemshe mpaka kiive hasa. Usikiharakishe eti kwa kuwa umechelewa.

Siku ambazo hakuna kilicholowekwa zina watu wake. Adesi nyekundu zinaiva ndani ya dakika ishirini, nazipika na bizari na ndimu, tunakula na wali. Choroko hazihitaji kulowekwa, kama dakika arobaini hivi zimelainika. Mchicha au majani ya maboga ukitia karanga za kusaga ni chakula kamili na ugali wa dona. Na pilau, jamani, pilau haihitaji nyama kama watu wanavyodhani. Rangi na harufu vinatokana na kitunguu kilichokaangwa mpaka kikawa kahawia pamoja na viungo. Weka viazi na njegere, watoto hawataulizia kitu.

Dukani ndiko kwenye mitego. Majarini nyingine zina maziwa, mikate mingine pia, vile vichemraba vya supu vingine vina mafuta ya wanyama. Tulijifunza kusoma lebo. Lakini kwa ujumla bajeti imeshuka, kwa sababu kilo ya maharage haijawahi kufika bei ya kilo ya nyama. Kinachotumaliza ni korosho. Mume wangu akiona korosho za Mtwara anasahau kama kuna ada za shule.

Afya si jina

Sasa hapa nisikilize vizuri, hasa kama mwenzio naye ameanza. Chips na soda ni vegani. Sukari ni vegani. Mtu anaweza kuacha nyama na bado akajiumiza. Hata nazi yetu tuipendayo, tui lake lina mafuta mengi ya kugandisha, yale yale ambayo mwenye shinikizo la damu anashauriwa kuyapunguza. Ndiyo maana kwetu nazi ni mara mbili kwa wiki, siku nyingine ni karanga kidogo au rosti tupu. Chumvi tunaweka ile yenye madini joto, na kidogo.

La muhimu kuliko yote ni vitamini B12. Hii haipatikani kwenye mboga, maharage wala matunda kwa kiasi cha kutegemea. Mwili una akiba yake inayoweza kukaa hata miaka, kwa hiyo mtu anajiona mzima kabisa, kumbe akiba inaisha. Baadaye ndiyo yanakuja mambo ya ganzi mikononi na miguuni, uchovu na upungufu wa damu. Mume wangu anameza vidonge vya B12 na kila mwaka anapima damu. Hilo halikuwa na mjadala nyumbani kwangu.

Madini ya chuma yamo kwenye maharage na mboga za majani, ila mwili huyachukua kwa shida kidogo kuliko ya nyama. Kamulia ndimu au kula chungwa baada ya mlo, inasaidia. Chai inazuia. Kwa hiyo ile desturi yetu ya chapati maharage na chai ya rangi pamoja, tumeitenganisha, chai inasubiri saa moja. Kwa kalisi, uji wa ulezi ni rafiki yako, na ufuta pia. Na kama ni mjamzito, unanyonyesha, au unataka mtoto mdogo ale hivi, usianze kabla hujaongea na daktari au mtaalamu wa lishe.

Watu watasema nini?

Watasema, na wamesema. Nimegundua kitu kimoja kuhusu sisi. Ukimwambia mtu "nimefunga" anakuheshimu. Ukimwambia "daktari kanikataza" anakuhurumia. Ukimwambia "nimeamua tu", anakasirika kama umemtukana yeye. Kwenye harusi mume wangu akijipakulia wali, maharage na kachumbari, lazima mtu amuulize anaumwa nini. Mfanyakazi mwenzangu Msabato alicheka sana, akaniambia kwao kuacha nyama ni habari ya zamani. Jumamosi na marafiki zake bado anakwenda, anaagiza ndizi za kuchoma na kachumbari, wao wanakula mbuzi wao, wanataniana, maisha yanaendelea.

Kazi ilikuwa kwa mama mkwe. Mume wangu ni wa Moshi, na Desemba Mchaga hakai Dar. Mwaka wa kwanza tulifika, mbuzi kachinjwa, mwana hali. Mama hakumtazama mwanawe, alinitazama mimi. Akasema mwanangu amekonda, siku hizi huko mjini mnapika nini? Nilinyamaza, kwa sababu hilo halikuwa la kujibiwa na mimi. Na hapo ndipo nilipompenda upya mume wangu, maana hakujificha nyuma yangu. Akamwambia, "Mama, mke wangu hajanikataza chochote. Ni mimi, kwa ajili ya presha iliyomchukua baba. Na maharage naloweka mwenyewe." Mama akacheka mpaka akakaa chini, mtoto wa kiume analoweka maharage! Kesho yake akampikia kiburu, ndizi na maharage, sufuria nzima, huku akinung'unika kwamba kumbe alikuwa anataka chakula cha shambani tu. Mbuzi tukamla sisi wengine.

Wiki hii baba watoto yuko Dodoma kikazi. Kaacha mifuko sita kwenye friza, kaiandika yote kwa kalamu nyekundu. Jana nimeyeyusha ulioandikwa "kunde", zikatoka choroko. Nimempigia kumwambia, ananibishia mpaka sasa.