Thoriamu ya Mrima na Kumbukumbu ya Kompyuta

Kilima cha Mrima, upande wa bara kutoka Msambweni kuelekea Lungalunga, wenyeji wanakijua kwa msitu wake wa kaya. Wanajiolojia wanakijua kwa jambo jingine. Miamba yake ina niobi na madini adimu, na pamoja nayo imo thoriamu, elementi inayotoa mionzi yenyewe bila ya kuchokozwa na mtu. Watafiti waliopima hapo wamekuta mionzi ya asili iliyozidi ile ya mahali pa kawaida.

Mzazi akisikia habari hii huuliza kwanza afya ya wanawe, na ni swali la haki. Leo, mpenzi msomaji, twauliza lingine: thoriamu hiyo ina uhusiano gani na simu iliyomo mkobani mwako?

Mwaka 1978, Timothy May, mwanafizikia wa kampuni ya Intel huko Marekani, pamoja na mwenzake Murray Woods, walieleza ajabu iliyokuwa ikiwasumbua mafundi. Chipu za kumbukumbu zilikuwa zikisahau. Palipoandikwa moja pakisomwa sifuri. Chipu ikipimwa haina kasoro, ikiandikwa upya yafanya kazi vyema. Kosa likawa halina mkosaji.

Mkosaji alikuwa kwenye kifuniko. Chipu hizo zilifunikwa kwa kauri, na katika kauri hiyo mlikuwamo chembechembe za urani na thoriamu, kidogo mno. Elementi hizi hurusha chembe ziitwazo alfa. Chembe ya alfa ni dhaifu wa safari: karatasi moja yatosha kuizuia, na kwa hiyo alfa za udongoni haziwezi kuipenya simu iliyowekwa juu ya jiwe la Mrima. Lakini kifuniko kilikuwa karibu mno na chipu yenyewe, adui yumo ndani ya nyumba. Kumbukumbu huhifadhi kila tarakimu kama umeme mchache ndani ya kisima kidogo sana. Alfa ikipita hapo huacha nyuma yake umeme wake, kisima kikajaa kisichopaswa kujaa, na habari ikageuka. Tangu hapo watengenezaji wakaanza kuzisafisha malighafi zao kwa uangalifu mkubwa.

Mwaka uliofuata James Ziegler wa IBM na William Lanford wakaonyesha kuwa miale itokayo angani nayo yaweza kufanya vivyo hivyo, na hiyo haina kifuniko cha kusafishwa. Katika uchaguzi wa mwaka 2003 huko Schaerbeek, Ubelgiji, mgombea mmoja alipata kura 4,096 za ziada. Ukianza na moja ukaizidisha kwa mbili mara kumi na mbili, utaifikia hesabu hiyo hiyo, nayo ndiyo alama ya tarakimu moja tu iliyogeuka kumbukumbuni. Programu ilikaguliwa isionekane kosa, na mwale wa angani ukashukiwa.

Tusije tukasingizia mionzi kila simu inapozima, hata hivyo. Hapa Diani chumvi ya bahari imeua vyombo vya umeme vingi zaidi kuliko nyota zote.

Basi hufanywaje? Dawa yake twaifahamu msikitini. Imamu ni mwanadamu, aweza kusahau rakaa. Nyuma yake wapo maamuma wanaohesabu, wanaume wakamkumbusha kwa tasbihi na wanawake kwa kupiga kofi. Kumbukumbu za kompyuta muhimu huongezewa tarakimu za ziada ambazo kazi yake ni kuwa maamuma: kuona kosa na kulirekebisha kabla halijadhuru. Penye hatari kubwa zaidi, saketi tatu hufanya hesabu moja, na wawili wakiafikiana, wa tatu hafuatwi. Ndege ziwapelekazo mahujaji Jidda hupita juu ambako miale ni mingi kuliko ardhini, na kwa kazi zake nyeti hazitegemei kompyuta moja.

Kuna mahali jambo hili linapoingia nyumbani. Wapo wazee wetu waliotiwa kifuani kifaa cha kusawazisha mapigo ya moyo, na ndani yake mna saketi na kumbukumbu kama tulizozieleza. Picha ya kawaida ya eksirei si ya kuhofiwa sana. Tiba ya saratani kwa mionzi ndiyo nyingine: nguvu yake ni kubwa mno, nayo yaweza kukivuruga kifaa hicho au kukiharibu. Daktari akijua mapema hupanga mionzi ipite mbali na kifaa, na hukikagua wakati wa matibabu na baada yake. Asipoambiwa, mgonjwa huingia chumbani na hatari ambayo ingeepukika kwa sentensi moja.

Mgonjwa hupewa kadi yenye maelezo ya kifaa chake. Ibebwe pamoja na kitambulisho, na binti au mkaza mwana anayemsindikiza hospitali ajue ilipo, kwani mzee akiwa maumivuni huenda asikumbuke kuitaja.