Fahamu: Alan Turing hakuwa peke yake, na hilo halimpunguzii
Alan Turing, mwanahisabati Mwingereza aliyezaliwa 1912, husifiwa kana kwamba yeye pekee ndiye aliyefumbua Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuficha ujumbe katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Sifa hiyo ina upungufu. Marian Rejewski wa Poland alikwisha kuipenya kwa hisabati mwishoni mwa 1932, na Julai 1939 Wapoland waliwakabidhi Waingereza na Wafaransa ujuzi wao. Bila wao, Turing angeanzia mbali sana.

Wapo watakaodai kwamba kusema hivyo ni kumnyang'anya haki yake. La hasha! Mbinu za Wapoland zilitegemea mazoea ya Wajerumani ya kuandika ufunguo wa kila ujumbe mara mbili, na Mei 1940 mazoea hayo yaliachwa karibu kote. Turing alikwisha kuitazamia siku hiyo. Kwa mashine yake, bombe, iliyoboreshwa na Gordon Welchman, wachambuzi walikisia maneno yaliyomo katika ujumbe, nayo ikaondoa kila mpangilio uliopingana na kisio hilo. Hapo ndipo ulipo ukubwa wake, pamoja na makala ya 1936 iliyoweka msingi wa nadharia ya kompyuta.

Waliomnyang'anya haki ni wengine. Mwaka 1952 mahakama ya Uingereza ilimtia hatiani kwa uhusiano na mwanamume, akakubali kupewa homoni ili asifungwe. Alifariki 1954, akiwa na miaka 41. Msamaha wa Malkia ulitolewa Desemba 2013, miaka 59 baadaye.