Hewa ya Bondeni Kampala

Haya wajukuu zangu, sogeeni. Leo twende Kampala, mji wa vilima na mabonde, tukaone watu wanavyopima kitu kisichoonekana.

Moshi mzito kila mtu anauona, anaukwepa. Kinachonitia hofu mimi ni chembe ndogo mno ziitwazo PM2.5. Upana wake hauzidi mikromita 2.5, unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuliko hizo mara 30 hivi. Pua haiziwezi. Huteremka hadi ndani kabisa ya mapafu, nyingine zikaingia kwenye damu. Zinatoka kwenye majiko ya mkaa, takataka zinazochomwa uani, magari makuukuu na bodaboda.

Mashine kubwa za kuzipima zipo, lakini ni ghali mno, na iliyowekwa kilimani haijui yanayotokea bondeni. Na bondeni ndiko kwenye tabu. Usiku ardhi ikipoa, hewa baridi hutuama huko chini, na moshi wa majiko ya jioni ukakosa pa kupandia. Mtoto aliyelala anauvuta.

Basi mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere wakaanzisha mradi wa AirQo. Wakaunda vipimo vyao wenyewe, vya bei nafuu, vinavyostahimili vumbi, joto na umeme unaokatika. Kifaa huvuta hewa na kuimulika kwa mwanga. Chembe zikipita hutawanya mwanga huo, nacho hukadiria wingi wake, kisha hutuma hesabu kwa mtandao wa simu. Vingine wakavifunga kwenye majengo, vingine kwenye bodaboda, vikazunguka mjini pamoja na abiria! Unyevu huweza kuvipotosha, kwa hiyo huwekwa kwanza kando ya mashine kubwa, majibu yakalinganishwa na kusahihishwa.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilisema wastani wa chembe hizo kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Kampala inazidi kiwango hicho mara kadhaa. Hilo si jambo la kunyamaziwa.

Nanyi wajukuu zangu, mkija kukabidhiwa kupanga miji yetu, msiishie kuweka kipimo kimoja kwenye paa la ofisi kubwa. Kiwekeni bondeni, karibu na shule na nyumba zilizobanana, tena kisomeni alfajiri na jioni, majiko yanapowaka.