Wakali wa Muziki wa Kasi: Kwa Nini Jagwa Wanakaa Juu

Wapenzi wa panki kali wana ubishi usiokwisha: bendi gani ilikuwa bora kuliko zote? Kuna wanaoapa kwa jina la Bad Brains wa Washington, kuna wa Black Flag wa California, kuna wa Minor Threat, na Waingereza hawakubali mtu awasahau Discharge. Ubishi huo ni uleule unaosikika vijiweni Maili Moja, Kibaha, au stendi ya Kisarawe, vijana wanapogombana kama mfalme wa singeli, muziki wa kasi wa Dar es Salaam, bado ni Msaga Sumu au ameshapitwa. Muziki ni wa mabara mawili, lakini swali ni moja, na naamini linajibika. Ila kwanza tukubaliane mizani. Orodha isiyo na mizani ni ushabiki.

Watu wengi huanza na kasi, na kasi ni rahisi kupima. Chukua simu, weka sekunde 15, hesabu mapigo ya ngoma nzito, kisha zidisha kwa 4. Bongo Fleva ya kawaida itakupa mapigo 90 hadi 110 kwa dakika. Panki kali hupita 180, na wapiga ngoma wenye mikono myepesi hufika 200 na ushee. Singeli nyingi huanzia hapohapo 200, na nyingine hukaribia 300. Kwa kasi tupu, basi, Washington nzima inashindwa na mtaa mmoja wa Mburahati, Dar es Salaam.

Lakini kasi peke yake haimpi mtu ubingwa. Mwenye kompyuta anaweza kuusukuma mdundo mpaka mwisho wa kipimo kwa kidole kimoja. Kinachonishughulisha mimi ni mambo mawili yanayofuata baada ya kasi. Je, hawa watu walijitengenezea njia yao wenyewe, vyombo, studio na soko, pale waliponyimwa ya wengine? Na je, waliacha kitu ambacho wengine walikichukua wakajengea? Hili la pili kwangu ndilo zito zaidi. Bendi inaweza kuwa na nyimbo nzuri ikafa nazo. Nyingine ina nyimbo chache tu, lakini kila anayekuja baada yake anapita kwenye mlango iliouvunja.

Tuanze ugenini, kwa haraka. Nafasi ya kwanza ya panki kali nawapa Bad Brains, na sisiti. Walikuwa vijana weusi wanne waliokuwa wakipiga jazi ya kisasa kwa jina la Mind Power, kabla ya kugeukia panki mwishoni mwa miaka ya 1970. Hilo la jazi linaeleza mengi. Mtu aliyezoea mipangilio migumu ya jazi akiamua kupiga kwa kasi ya wazimu, kila pigo linaangukia mahali pake. Santuri yao ya kwanza, ya mwaka 1980, ina wimbo wa takriban dakika moja na nusu, na ndani ya muda huo hakuna noti iliyopotea njia. Katikati ya shoo waliweza kusimamisha fujo yote na kupiga rege taratibu, kisha wakarudi mbio. Kumbi nyingi za Washington zilikataa kuwapangia shoo, wakahamia New York. Albamu yao ya mwaka 1982 ilitoka kwanza kama kaseti, na hapo ndipo sikio la mtu wa Pwani linapozinduka, maana kwetu pia kaseti ndiyo iliyobeba muziki wa namna hii.

Nafasi ya pili ni ya Minor Threat. Hawakudumu hata miaka minne, lakini wenyewe na rafiki zao walianzisha lebo yao ya Dischord mwaka 1980, na majalada ya santuri za mwanzo waliyakata na kuyabandika kwa mikono. Ya tatu ni Black Flag. Greg Ginn, mpiga gitaa wao, alikuwa tangu utotoni na biashara ndogo ya vifaa vya redio iliyoitwa SST, na jina hilohilo akalifanya la lebo ya muziki: fundi redio aliyegeuka mwenye lebo. Discharge nawaweka wa nne kwa ajili ya pigo moja tu la ngoma, lile la kukimbia bila kupumua ambalo mamia ya bendi, kutoka Sweden hadi Japani, zimeliiga hadi leo. Wa tano na kuendelea wabishane wengine.

Sasa turudi nyumbani, kwenye utajiri wenyewe.

Kisarawe ni kitovu cha Uzaramo. Ukitoka Gongo la Mboto ukapanda vilima vya Pugu, ukaendelea hadi Maneromango na Mzenga, unatembea katika nchi ya mdundiko, vanga na mnanda. Mdundiko ni ngoma ya kutembea: wapigaji wako mbele, kundi linafuata nyuma, na watu wanatoka majumbani kujiunga njiani, hasa mwali anapotolewa au vijana wanapotoka jandoni. Vanga ina kasi zaidi na inabana zaidi. Anayedhani singeli ilizaliwa ndani ya kompyuta akakae karibu na wapigaji wa ngoma hizi kabla hawajaanza. Utaona moto wa makuti au majani makavu, na ngoma zimeinamishwa kuuelekea. Ngozi inapopata joto inakaza, na sauti inapanda. Mpigaji anaigonga kwa ncha za vidole, anasikiliza, anairudisha motoni kidogo, anagonga tena. Hatafuti sauti nene ya kutuliza. Anataka ile kavu, ya juu, inayokata. Usiku umande ukishuka ngozi inalegea na moto unawashwa upya. Ukavu huohuo ndio uliohamia kwenye kinanda, na baadaye kwenye kompyuta.

Kuna tofauti moja ya kitaalamu ambayo mpenzi wa panki akiifahamu ataipenda zaidi singeli. Katika panki kali, ngoma nzito na ngoma ya waya hupokezana sawasawa, moja mbili, moja mbili, kama hatua za mtu anayekimbia. Katika ngoma nyingi za Pwani, chakacha ikiwemo, mkono mmoja unahesabu tatu wakati mwingine unahesabu mbili, na yote mawili yanatoshea katika muda uleule. Ndiyo maana mchezaji wa ngoma hizo anaweza kukata kiuno taratibu kabisa juu ya mdundo unaokimbia: yeye amechagua hesabu ya polepole, mwenzake pembeni amechagua ya haraka, na wote wako sahihi. Panki haimpi mchezaji uhuru huo. Inampa kasi moja, aichukue au aiache.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, vijana wa Dar es Salaam wenye asili ya ngoma hizi walifanya jambo ambalo kwa maoni yangu linasimama bega kwa bega na lolote lililofanywa Washington. Magitaa ya umeme hawakuwa nayo, na vyombo vya bendi za dansi vilikuwa mali ya wenye bendi. Wakachukua kinanda kidogo cha Casio, cha aina ambayo kwingine hununuliwa kama kitu cha kuchezea watoto, wakakiunganisha kwenye amplifaya chakavu na spika za honi, zile za mikutano ya hadhara. Honi haikutengenezwa kwa ajili ya muziki. Inatupa besi yote na kuisukuma sauti ya kati hadi inakwaruza. Fundi wa studio angesema imeharibika, na wao wakaona ndiyo inayofaa, kwa sababu ilipita juu ya ngoma na kufika mtaa wa tatu. Huo ndio mchiriku. Mashairi yake yalisema mambo ya uswahilini bila kuyapaka sukari: dawa za kulevya, usaliti, ukata, maradhi.

Jagwa Music ndio nawaweka nafasi ya kwanza, juu ya wote, singeli yote ikiwemo. Mwimbaji wao Jackson Kazimoto akisimama mbele, nyuma yake kuna kinanda kimoja na safu ya wapiga ngoma, basi. Hakuna gitaa wala besi. Albamu yao ya Bongo Hotheads, iliyotolewa na lebo ya Crammed Discs ya Ubelgiji mwaka 2012, ndiyo rekodi iliyo rahisi kuipata leo, na ina ule mkwaruzo ambao wapiga panki waliuhangaikia kwa magitaa ya bei mbaya. Lakini hawakupata nafasi hii kwa albamu. Wameipata kwa sababu ukikata kipande cha kinanda cha mchiriku cha sekunde nne, ukakirudiarudia na kukiongeza kasi, umepata singeli. Hivyo ndivyo watayarishaji wa kwanza walivyofanya. Mlango ni huo, na mchiriku ndio ulioufungua.

Nafasi ya pili siwapi waimbaji, na najua hapa Maili Moja watanipigia kelele. Nawapa watayarishaji wa Sisso Studios, Mburahati, kwa jumla yao: Sisso mwenyewe, Bamba Pana, Jay Mitta na wenzao. Walifanya kazi kwa kompyuta za kawaida na programu ambazo kijana yeyote anaweza kuzipata, na shoo waliziendesha kwa programu ya madijei, wakiongeza kasi papo hapo huku mwimbaji akishindana nayo. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, mwaka uliofuata ikaja Poaa ya Bamba Pana, na mwaka 2019 Tatizo Pesa ya Jay Mitta. Mwaka huohuo Duke, mtayarishaji mwingine wa Dar, alitoa Uingizaji Hewa. Ghafla wapenzi wa muziki mkali wa Ulaya walikuwa wanacheza midundo ya Mburahati katika kumbi ambako panki na tekno ndizo zilizokuwa zikihesabiwa kuwa mwisho wa ukali. Anayetaka kujua pa kuanzia na aanze na Poaa, kwa sauti kubwa, na spika ambayo haogopi kuiharibu.

Wa tatu ni Msaga Sumu. Yeye ndiye aliyewafundisha waimbaji namna ya kukaa juu ya mdundo ule: usiukimbize, utaanguka. Tamka maneno kwa ufupi, rudia kiitikio mpaka umati uchukue, kisha uachie umati kazi. Wa nne ni DJ Travella, aliyetoa Mr Mixondo mwaka 2022 akiwa bado hajatimiza miaka 20, na ambaye aliondoa mwimbaji kabisa, mdundo ukabaki unaongea peke yake. Man Fongo na Hainaga Ushemeji yake ya mwaka 2016, Sholo Mwamba, Meja Kunta, Dulla Makabila na Pita Huku yake: hawa waliuingiza muziki redioni na kwenye harusi za watu wazima, na redio ya EFM iliwasaidia sana. Nawaheshimu. Ila kwa mizani yangu, kuupeleka muziki mbali ni kazi tofauti na kuuzaa.

Nafasi ya tano inakwenda Nairobi, kwa sababu huko ndiko panki kali yenyewe imekutana na Afrika Mashariki uso kwa uso. Bendi ya Crystal Axis hupiga panki ya magitaa na kuimba historia bila kung'ata maneno. Wimbo wao mmoja unaitwa Leopold, jina la mfalme wa Ubelgiji aliyeifanya Kongo kuwa mali yake. Hata hivyo nafasi hii nawapa Duma, vijana wawili, Martin Khanja na Sam Karugu, ambao albamu yao ya mwaka 2020 ilitolewa na lebo ileile ya Kampala. Walitoka kwenye metali, wakatupa mpiga ngoma, wakaweka mashine, na Khanja akapiga ukelele juu ya mapigo yenye kasi ya singeli. Ukisikiliza Duma baada ya Poaa utaelewa kwamba njia mbili zilizoanza mbalimbali, moja Washington na nyingine Uzaramo, zimekutana.

Kuna jambo linaloziunganisha bendi zote hizi, nalo ni kufungiwa milango. Bad Brains walinyimwa kumbi. Kwetu, viongozi wa mikoa na wilaya wamepiga marufuku vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha, mara kadhaa, na mwaka 2016 serikali ilifungia video ya wimbo wa Chura wa mwimbaji Snura. Mzazi anayetaka mtoto wake wa darasa la saba alale usiku ana hoja, nami niko upande wake kuhusu saa na kuhusu watoto. Lakini marufuku ya jumla inamgusa mpiga kinanda na mpiga ngoma ambao kigodoro ndiyo ajira yao. Kibaha ina viwanja na nafasi ambayo Manzese haina. Muziki huu ungeweza kupewa mahali na saa zake za mchana, ukalipiwa kiingilio na ukatozwa kodi kama mpira.

Orodha yangu ina pengo, na pengo hilo liko Kisarawe. Vikundi vya vanga na mnanda vilivyopiga kabla ya Casio sikuweza kuvipa namba kwa sababu muziki haupimwi kwa sifa za kusimuliwa; unapimwa kwa kusikilizwa. Kanda za harusi na ngoma za miaka ya 1980 na 1990 bado zimo kwenye makabati ya watu, kuanzia Mlandizi hadi Mzenga, na utepe wa kanda unaharibika kila masika. Ukiwa nayo, usiitumbukize moja kwa moja kwenye redio. Ikague kwanza kama ina ukungu. Ikiwa nao, usiipige, mpelekee fundi. Kama ni safi, safisha kichwa cha redio kwa pamba yenye spiriti, ipeleke kanda mbele mpaka mwisho na uirudishe nyuma yote ili utepe uachane, kisha ipige mara moja tu, huku ukiirekodi kwa waya kwenda kwenye simu au kompyuta. Andika jina la kikundi, kijiji na mwaka, hata kama ni wa kukadiria, na majina ya wapigaji kwa kadiri wazee wanavyowakumbuka.