Njia ya mwongo ni fupi: betri za bei chee za roboti

Ndugu msikilizaji, katika mazungumzo yetu ya juma hili nataka tukitazame kitu kisichozidi sana ukubwa wa kidole gumba cha mtu mzima, lakini chenye uwezo wa kuendesha mtambo, kumtia mtu hasara, na hata kuunguza nyumba. Kitu hicho ni betri ya lithiamu ya kuchajiwa.

Siku hizi vijana wengi wanapenda kuunda roboti. Wako wanaounda vigari vya magurudumu manne vinavyofuata mstari mweusi sakafuni. Wako wanaounda mikono ya plastiki inayookota kopo na kulihamisha. Hilo ni jambo la kutia moyo, maana ufundi hauji kwa kusoma vitabu peke yake. Lakini roboti, kama kiumbe yeyote, haiendi bila chakula, na chakula chake ni umeme. Hapo ndipo kijana anapofungua simu yake, akaingia katika maduka ya intaneti, akaanza kutafuta betri.

Anachokuta huko ni hiki. Kuna betri moja imeandikwa miliampea-saa 3,000, na bei yake ni dola kadhaa kwa moja. Pembeni yake kuna nyingine ya umbo lile lile, imeandikwa 9,900, na zinauzwa nne kwa pamoja, na chaja juu yake, kwa bei ya ile moja. Kijana anapiga hesabu haraka haraka. Nguvu mara tatu, bei robo. Analipa, anasubiri kifurushi, na moyoni anajipongeza kwa ujanja wake.

Je, ndugu msikilizaji, inawezekana betri mbili za umbo moja, moja ikawa na uwezo mara tatu ya mwenzake, tena kwa bei ya chini? Jibu ni hapana. Haiwezekani, na sababu yake mtu yeyote anaweza kuielewa.

Tuanze na jina. Betri inayopendwa zaidi na waunda roboti huitwa 18650. Namba hiyo ni kipimo tu. Betri ina unene wa milimita 18, urefu wa milimita 65, na ile sifuri ya mwisho inaonyesha kwamba ni ya mviringo. Betri za lithiamu za namna hii ziliingia sokoni mwaka 1991, zikiuzwa na kampuni ya Sony ya Japani. Ugunduzi uliozizaa ulikuwa mkubwa hata mwaka 2019 wanasayansi watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa ajili yake.

Sasa tutazame hizo miliampea-saa. Fikiria pipa la maji. Volti ni ule msukumo wa maji yanapotoka kwenye bomba. Miliampea ni wingi wa maji yanayotoka kwa wakati mmoja. Miliampea-saa ni ukubwa wa pipa lenyewe. Roboti inayokula miliampea 1,500, ukiipa betri ya kweli ya miliampea-saa 3,000, itatembea kama saa mbili. Hesabu haina fumbo.

Na pipa hili lina mpaka. Ndani ya kopo la betri kuna tabaka nyembamba zilizokunjwa pamoja kama mkeka. Kuna utepe wa alumini uliopakwa oksidi za madini, mara nyingi pamoja na kobalti, ambayo sehemu kubwa ya ile ya dunia huchimbwa kwa ndugu zetu wa Kongo, upande wa Kolwezi. Kuna utepe wa shaba uliopakwa grafiti. Katikati yao kuna ngozi nyembamba ya plastiki, na vyote vimeloweshwa kwa kimiminika kinachoshika moto. Ukitaka betri iweke umeme mwingi zaidi, huna budi kukunja mkeka mrefu zaidi. Lakini kopo halitanuki. Viwanda vikubwa vya Japani na Korea, kama Panasonic, Samsung na LG, vyenye maabara na wataalamu wa miaka mingi, vimefika kwenye miliampea-saa 3,500 hivi kwa kopo la ukubwa huu. Zinazozidi hapo ni chache, na zinazidi kwa kidogo tu. Basi anayekuambia kwamba ana 9,900 katika kopo hilo hilo, ni kama anayekuambia kwamba ndoo yake ya lita 20 inachukua lita 60.

Kama ni hivyo, ile namba 9,900 imetoka wapi? Imetoka kwa mpiga chapa. Namba kwenye betri imeandikwa kwenye ganda la plastiki, na ganda la plastiki ni rahisi kulinunua na kulivisha kuliko shati. Biashara hii ina njia mbili zinazojulikana. Njia ya kwanza ni kuchukua betri kuukuu zilizotolewa katika kompyuta za mapajani zilizokufa, au zilizokataliwa kiwandani, zikavuliwa ganda la zamani na kuvishwa jipya lenye rangi ya kupendeza. Njia ya pili ni mbaya zaidi. Waliozipasua wamekuta ndani ya kopo kubwa kumefichwa betri ndogo, na nafasi iliyobaki imejazwa unga ili mnunuzi asione wepesi wake. Betri za namna hii, zikipimwa, mara nyingi hazifikishi hata miliampea-saa 1,000.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hapa usemi huo unatimia mbele ya macho. Kigari kilichoahidiwa saa sita kinakwenda nusu saa, kinasimama.

Lakini iko hasara nyingine ambayo vijana wengi hawaitambui. Mota ya roboti inapoanza kuzunguka, au gurudumu linapokwama, hudai umeme mwingi kwa ghafla. Betri dhaifu haiwezi kuutoa. Volti zinaporomoka, na ule ubongo wa roboti unazimika kisha unajiwasha upya. Kijana akiona hivyo anadhani programu aliyoiandika ina kosa. Anakesha usiku kucha akiibadilisha, anakata tamaa, anajiona hana akili. Kumbe akili anayo. Asichokuwa nacho ni betri ya kweli. Hasara ya fedha huweza kurudishwa, ndugu msikilizaji, lakini kijana aliyekata tamaa na ufundi ni vigumu kumrudisha.

Tuje sasa kwenye hatari. Betri ya lithiamu haitaki mzaha kama zile za tochi tulizozizoea. Ikijaa hufika volti 4.2, na hapo chaja lazima isimame. Ikipitishwa hapo, mambo ya ndani yanaanza kuharibika na joto linapanda. Ikishushwa chini mno, kama chini ya volti 2.5, shaba ya ndani inaanza kuyeyuka katika kile kimiminika, na siku itakapochajiwa tena inaweza kujiunganisha ndani kwa ndani. Ile ngozi ya plastiki ikitoboka, joto huzaa joto zaidi, mpaka kopo linapasuka na kutoa moto na moshi wenye sumu. Betri nzuri hutengenezwa kwa uangalifu ili hayo yasitokee. Ya ubabaishaji haina mwangalizi.

Mwezi Januari 2021, tume ya serikali ya Marekani inayoshughulikia usalama wa bidhaa iliwaonya wananchi wasinunue wala kutumia betri za 18650 zinazouzwa moja moja. Sababu waliyoitoa ni kwamba viwanda huzitengeneza ziwe sehemu ya pakiti yenye saketi ya ulinzi. Zikitolewa katika pakiti na kuuzwa peke yake, ulinzi ule haupo.

Wasafirishaji nao wana habari zao. Tarehe 3 Septemba 2010, ndege ya mizigo ya kampuni ya UPS, aina ya Boeing 747, iliondoka Dubai kwenda Cologne, Ujerumani. Moto ukazuka katika shehena iliyokuwamo betri za lithiamu. Moshi ukajaa chumba cha marubani, wakajaribu kurudi Dubai, wasiweze. Ndege ilianguka na marubani wote wawili wakafariki dunia. Tangu Aprili 2016, sheria za usafiri wa anga za kimataifa zinakataza betri za lithiamu za kuchajiwa zinazosafirishwa peke yake kuwa mzigo katika ndege za abiria. Katika ndege za mizigo zinaruhusiwa zikiwa na chaji isiyozidi asilimia 30. Kwa hiyo muuzaji anayekuandikia kwenye kifurushi kwamba ndani mna vifaa vya kuchezea, hakusaidii wewe. Anahatarisha roho za watu ili auze bidhaa yake, na kifurushi kikigunduliwa, fedha yako imepotea.

Baada ya kusema hayo, sisemi vijana waache lithiamu. Hakuna betri nyepesi na yenye nguvu kama hiyo kwa kazi hii. Nasema wanunue kwa macho mawili. Na haya ndiyo ninayowashauri.

Kwanza, tazama namba. Betri ya 18650 iliyoandikwa zaidi ya miliampea-saa 4,000 iache hapo hapo. Muuzaji aliyedanganya kwenye namba kubwa hatakuwa mkweli kwenye mambo madogo. Tafuta muuzaji anayetaja kiwanda na namba kamili ya aina ya betri, kisha linganisha na maelezo ya kiwanda chenyewe. Humo utaona pia ni ampea ngapi betri inaweza kutoa bila kuumia, jambo muhimu kwa mota.

Pili, ikifika, ipime kwenye mizani ya jikoni. Betri ya 18650 ya kweli ina uzito wa gramu 45 hadi 50. Ikiwa na gramu 30 na kitu, umeuziwa kopo. Lakini kumbuka kwamba uzito peke yake hautoshi, kwa maana ile kuukuu iliyovishwa ganda jipya nayo ni nzito, na ule unga nao una uzito.

Tatu, ipime uwezo. Wako wenye chaja zinazofanya kazi hiyo zenyewe. Asiyekuwa nayo achaji betri mpaka volti 4.2, kisha aifunge kwenye rezista ya omu 4 hivi, yenye kuhimili wati 10, akiiweka juu ya kigae maana itapata moto, na multimita ikiwa pembeni. Itatoa kama ampea 0.9. Ahesabu dakika mpaka volti zishuke kuwa 3, kisha afungue waya mara moja. Betri ya miliampea-saa 2,600 itachukua karibu saa tatu kasorobo. Ikifika mwisho baada ya dakika 45, basi pipa lako ni la miliampea-saa 700 tu, hata ganda liseme nini.

Nne, uchajiji. Kile kibao kidogo cha TP4056 kinachouzwa kwa bei ndogo ni cha betri moja tu. Kiko chenye saketi ya ulinzi na kisicho nayo, chagua chenye ulinzi. Ukifunga betri mbili kwa mfululizo ili upate volti 7.4, unahitaji chaja ya volti 8.4 yenye kusawazisha betri zote mbili. Usichanganye mpya na kuukuu, wala za aina mbili tofauti. Moja itachoka kabla ya mwenzake, na hiyo iliyochoka ndiyo itakayoleta balaa.

Tano, usichaji ukiwa umelala, wala juu ya godoro, wala karibu na mlango ambao ndio njia pekee ya kutokea. Chajia juu ya sakafu ya saruji au kigae. Betri iliyovimba, iliyobonyea, au inayotoa harufu ya ajabu isirudishwe kazini, na isitupwe jalalani pamoja na maganda ya ndizi. Ifunge gundi ya karatasi kwenye ncha zake, iweke nje mbali na vitu vinavyoungua, kisha uipeleke kwa wanaokusanya betri kuukuu.

Na kwa mtoto wa shule anayeanza, ninalo neno moja zaidi. Betri za kuchajiwa za nikeli, zile za umbo la betri ya saa ya ukutani, zina volti 1.2 kila moja. Tano au sita zinatosha kuendesha kigari chake cha kwanza. Ni nzito kidogo na hazina makeke, lakini zinasamehe makosa ambayo lithiamu haiyasamehi.

Wazazi na walimu nao wana sehemu yao. Mtoto akija kuomba fedha ya betri, tusimwulize bei tu. Tumwulize ameinunua kwa nani, imeandikwa nini, na ataichajia wapi. Kuuliza si ujinga. Tukiwa hatujui, tukae naye tuipime pamoja, kwa sababu saa na mizani havijui kudanganya.

Ndugu msikilizaji, soko la intaneti ni kubwa kuliko Kariakoo, lakini desturi ya soko ni ile ile. Mwenye embe bovu huweka zuri juu ya fungu. Mnunuzi mwenye busara huligeuza fungu kabla ya kutoa fedha. Kwa juma hili naishia hapo. Tuonane panapo majaliwa.